Pipa tupu si pipa salama

Waswahili husema debe tupu haliachi kuvuma, na aghalabu wanaposema hivyo huwa wanamlenga mtu ambaye kichwani hana kitu ila kelele. Methali ni nzuri, lakini asingeitunga mfanyakazi wa kiwanda cha pombe kali. Katika viwanda hivyo chombo kilicho tupu hakivumi hata kidogo. Hukaa kimya pembeni mwa ghala, kizibo kimeondolewa, wala hapana anayekishughulikia, hadi siku atakapotokea mtu mwenye sigara, au nyundo ya chuma, au mtambo wa kuchomelea. Siku hiyo ndipo huvuma, na mvumo wake husikika mtaa wa pili.

Nia yangu leo ni kuzungumzia vifaa vya kujazia mapipa ya pombe kali na vya kuyamimina. Yaani ile mipira, mirija, pampu na nyaya ambazo wenye viwanda huziona kama gharama na wafanyakazi huziona kama usumbufu. Yamkini msomaji atauliza: mwalimu wa isimu anatafuta nini katika ghala la pombe? Jibu ni kwamba mmoja wa wanaisimu tunaowataja mno darasani alikula mkate wake kwa kazi hiyo hasa. Benjamin Lee Whorf, Mmarekani aliyezaliwa mwaka wa 1897 na kufariki mwaka wa 1941, alisomea uhandisi wa kemia, na tangu mwaka wa 1919 alifanya kazi katika kampuni ya bima ya moto mjini Hartford, jimbo la Connecticut. Alikuwa akikagua viwanda na kuchunguza moto ulianzaje. Lugha ya Wahopi na zile nadharia zilizompa jina alizishughulikia baada ya saa za kazi.

Katika makala yake mashuhuri yaliyochapishwa mwaka wa 1941, Whorf alieleza jambo alilokutana nalo tena na tena katika ripoti za bima. Palipowekwa mapipa yaliyojaa petroli, watu walijihadhari sana. Palipowekwa mapipa yaliyoitwa matupu, watu hao hao walivuta sigara na kutupa vipisi ovyo. Kumbe hayo matupu ndiyo yaliyokuwa hatari zaidi, kwa sababu yalikuwa yamejaa mvuke unaolipuka. Alitoa pia mfano wa kiwanda kilichokeneka mbao ili kupata kemikali. Mitambo yake ilikuwa imefunikwa kwa kitu kilichotengenezwa kutokana na jiwe la chokaa, na kwa vile kila mtu alijua kuwa jiwe haliungui, hapana aliyejali kulikinga na moto. Mvuke wa asidi uliotoka mitamboni ukaligeuza jiwe lile polepole likawa kitu kingine, na siku moto ulipoligusa liliwaka mpaka kila mtu akashangaa.

Whorf alilaumu maneno: ‘tupu’ na ‘jiwe’. Nionavyo mimi, aliyatwika maneno hayo mzigo mkubwa kupita kiasi. Jambo lisiloonekana kwa macho husahauliwa na kila binadamu, awe anasema Kiingereza, Kihopi au Kigiriki. Hata hivyo, kuna sehemu moja ya hoja yake ambayo haijawahi kupingwa kwa mafanikio, nayo ni hii: mtu akishaliita pipa ‘tupu’, huwa amefunga mjadala. Haulizi tena ndani mna nini.

Neno pipa lenyewe limetoka mbali. Tulilipata kwa Wareno, pamoja na mvinyo na bomba, na kwa Wareno pipa ni chombo cha mbao cha kutilia mvinyo. Kwetu neno lilihama kutoka mbao likaenda kwenye chuma, lile pipa la lita 200 na ushei linaloletwa na mafuta au kemikali, kisha likazidi kushuka cheo mpaka likawa pipa la taka. Ndiyo maana Mkenya akisikia pipa hafikirii kabisa kitu cha mbao. Lakini katika viwanda vya whisky vya Uskoti, na vile vya bourbon vya Kentucky, pipa lingali lile lile la Mreno: mbao za mwaloni zilizopindwa zikakazwa kwa pete za chuma, bila msumari wala gundi, na tundu moja ubavuni la upana wa sentimita 5 hivi.

Sheria ya Uskoti hairuhusu pombe kuitwa whisky ya huko mpaka ikae katika pipa la mwaloni lisilozidi lita 700 kwa muda usiopungua miaka 3. Mengi ya mapipa hayo ni makuukuu, yamekwisha kutumika Marekani kwa bourbon. Pombe inayoingizwa humo si ile tunayoiona kwenye chupa ikiwa na nguvu ya asilimia 40. Uskoti hutiwa ikiwa na nguvu ya asilimia 63.5 kwa kawaida, na Marekani sheria ya bourbon haikubali ipite asilimia 62.5. Pipa la lita 200 likijaa, uzito wake hupita kilo 220. Hapo msomaji ameshapata hatari ya kwanza bila ya kufikiria moto: vidole vinavyobanwa, migongo inayotenguka, mguu unaokutana na pipa linaloviringika kwenye mteremko. Kwa hatari hizo kuna reli za kuviringishia, mashine za kuinulia, na vibao vinavyopangwa mapipa yakiwa yamesimama. Ni mambo yanayoonekana, na kwa kuwa yanaonekana, watu huyakumbuka. Tuyaache.

Tutazame tundu. Pipa la lita 200 haliwezi kupokea lita 200 za pombe bila ya kutoa lita 200 za kitu kingine. Kitu hicho ni hewa iliyokuwamo ndani, na ikiwa pipa limewahi kutumika, hewa hiyo imekwisha kulowa mvuke wa kileo. Kadiri pombe inavyopanda, ndivyo mvuke unavyosukumwa nje kupitia tundu lile lile ambalo mjazaji ameinamia. Unapolimimina pipa mambo hugeuka: pombe hutoka, hewa safi huingia, nayo hukutana ndani na mbao zilizonywa kileo kwa miaka kumi na ushei. Mbao hizo hazitaacha kutoa mvuke kwa sababu tu pombe imekwisha. Pipa lililomiminwa asubuhi huendelea kupumua kileo jioni.

Mvuke huo una tabia tatu zinazostahili kujulikana na kila anayeukaribia. Kwanza, ni mzito kuliko hewa, takriban mara moja na nusu na zaidi kidogo, hivyo haupandi darini kama moshi, bali hutambaa sakafuni, hushuka ngazi na kuingia mitaroni, na waweza kukutana na mwali mbali na pipa ulikotoka. Pili, huwaka ukiwa sehemu 3.3 hadi 19 katika kila 100 za hewa. Chini ya hapo ni haba mno, juu ya hapo ni mwingi mno hata hauna hewa ya kutosha ya kuungulia. Tatu, pua si kipimo. Pua huinusa harufu ya kileo mapema sana, kabla ya hatari yoyote, kisha huizoea. Na mtu aliyeshinda ghalani humo tangu asubuhi hawezi kukwambia kwa pua yake kama mvuke umezidi au umepungua.

Historia imetoa mifano ya kile kinachotokea pombe na mvuke wake zinapoponyoka mapipani. Tarehe 18 Juni 1875 ghala la whisky lilishika moto katika eneo la Liberties, Dublin. Mapipa yalipasuka, pombe ikatiririka barabarani huku ikiwaka, na mkuu wa wazima moto, kwa busara ambayo hadi leo husimuliwa kwa heshima, aliagiza samadi ya farasi imwagwe njiani iwe boma, kwa kuwa maji yangeusambaza moto zaidi. Watu 13 walifariki, na kinyume cha tunavyotarajia, hapana hata mmoja kati yao aliyeuawa na moto. Wote waliuawa na pombe ile waliyoichota barabarani na kuinywa. Glasgow, tarehe 28 Machi 1960, mambo yalikuwa mengine. Ghala la mtaa wa Cheapside lilikuwa na zaidi ya galoni milioni moja za pombe kali. Mvuke wa mapipa yaliyopasuka kwa joto ulilipuka ndani ya jengo, kuta zikarushwa nje na kuwaangukia waliokuwa wakipambana na moto. Walikufa watu 19: wazima moto 14, na 5 wa kikosi cha kuokoa mali. Kentucky nako, tarehe 7 Novemba 1996, takriban mapipa 90,000 yaliteketea mjini Bardstown katika moto mmoja.

Hiyo ni mioto ya maghala, si ya wajazaji. Naitaja kwa sababu ni kitu kile kile, mvuke ule ule. Tofauti ni kwamba ghalani hufungiwa ndani ya mti na kizibo, ilhali kwenye chumba cha kujazia hufunguliwa kwa makusudi, mara mamia kwa siku, tena mbele ya uso wa mtu.

Mbinu ya kale ya kumimina ilikuwa rahisi. Pipa liliviringishwa juu ya hori refu la chuma. Kizibo cha mti hakikuvutwa. Mfanyakazi alipiga ubao wa pipa upande huu na upande huu wa tundu, kwa nyundo ya mti yenye mpini unaonyumbuka, hadi kizibo kikaruka chenyewe. Kisha pipa likageuzwa tundu likatazama chini, na pombe ikaporomoka horini, ikapita kwenye chujio lililozuia vipande vya mkaa. Ni kazi ya kupendeza kuitazama, na baadhi ya viwanda vingali vinaifanya. Lakini hebu fikiria mita kadhaa za hori lililo wazi, limejaa kileo kinachochafuka na kurusha matone, na wafanyakazi wameliinamia. Ungetaka kuzalisha mvuke kwa makusudi, usingepata chombo bora.

Vifaa vya kisasa vimekuja kuondoa uwazi huo. Cha kwanza ni mrija wa chuma kisichoshika kutu, mrefu kuliko kina cha pipa, unaotumbukizwa tunduni hadi karibu na sakafu ya pipa. Wakati wa kujaza, pombe hutokea chini, taratibu, badala ya kuanguka kutoka juu na kutapakaa. Wakati wa kumimina, mrija kama huo huifyonza pombe bila ya kuligeuza pipa. Mdomo wa mrija hubana tundu, na kando yake pana njia ya pili ambayo mvuke unaofukuzwa hurudishwa kwenye tangi ilikotoka pombe. Naupenda ufundi huu kwa sababu hautumii nguvu yoyote: lita 200 zinazoondoka tangini zinahitaji kitu cha kujaza nafasi yao, na pipani mna lita 200 za mvuke zinazotafuta pa kwenda. Kila kimoja hupewa nafasi ya mwenzake, na mjazaji hupumua hewa ya Mungu.

Cha pili ni mkono unaojifunga. Kila aliyewahi kutia petroli kituoni anakijua: pombe ikifika kimo kilichowekwa, mtiririko hukatika wenyewe. Viwanda vingine hulipima pipa kwa mizani likiwa linajazwa, vingine huhesabu lita zinazopita. Cha tatu ni pampu. Pampu ya umeme ya kawaida hutoa cheche ndani ya mota yake, na cheche moja yatosha. Kwa hiyo hutumiwa pampu inayoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa, au ile ya umeme ambayo mota yake imefungiwa ndani ya gamba lililojengwa mahususi kwa mahali penye mvuke. Ndivyo zilivyo pia taa, swichi na kengele. Kuhusu kengele, kuna vifaa vidogo vinavyoonja hewa sakafuni na kulia mapema, kabla mvuke haujafikia hata robo ya kiwango cha kuwaka. Msomaji atambue kuwa nimesema sakafuni. Nimeshaeleza kuwa mvuke huu hutambaa; feni ya darini ni pambo.

Kisha kuna waya. Kati ya vifaa vyote, huu ndio wa bei nafuu zaidi na ndio unaopuuzwa zaidi. Kimiminika kinapopita mpirani husuguana nao, na msuguano huzaa umeme tuli, ule ule unaokuchoma kidole unapovua fulana ya nailoni. Mrija wa chuma ulioshikwa kwa mpira usiopitisha umeme, au pipa la chuma lililosimama juu ya ubao mkavu, vyaweza kujilimbikizia umeme huo hadi ukaruka kama cheche, na mahali utakaporukia ni pale tu vyuma viwili vinapokaribiana, yaani mlangoni mwa mvuke. Dawa yake ni waya wenye kibanio unaounganisha pipa, mrija na tangi, kisha ukaupeleka umeme ardhini. Hufungwa kabla ya kufungua kizibo, na hufunguliwa baada ya kukirudisha. Mpangilio huo ukigeuzwa, waya wenyewe ndio utakaotoa cheche. Faneli ya plastiki, ambayo kwetu hupatikana kila duka, ni kinyume cha haya yote.

Hapa nina neno la pembeni. Ukichunguza historia ya viwanda vya Uskoti utaona kuwa vifaa vya kwanza kufungwa, kupimwa na kukaguliwa kwa ukali havikuwekwa kwa ajili ya mfanyakazi. Tangu sheria ya ushuru ya mwaka wa 1823, pombe inayotoka mtamboni ilipaswa kupita katika sanduku la kioo na shaba lenye kufuli, ili tone lisipotee kabla ya serikali kulihesabu. Ulinzi wa uhai wa mjazaji ulifuata baadaye sana; kanuni mahususi za Uingereza kuhusu mahali pa kazi penye hewa inayolipuka ni za mwaka wa 2002. Kwetu pia, tangu mwaka wa 2013 tumekuwa na mfumo wa stempu za ushuru unaofuatilia chupa ya pombe kutoka kiwandani hadi dukani. Sina ugomvi na ushuru. Nashangaa tu kwamba chupa yaweza kufuatiliwa kwa makini hivyo ilhali pipa lililoleta kileo hicho hutoka langoni na kupotea mjini bila mtu kujua limekwenda wapi.

Na pipa letu lina sababu ya kuogopwa zaidi ya la Mskoti. Sababu hiyo ni jua. Kileo cha nguvu ya asilimia 60 huanza kutoa mvuke wa kutosha kushika moto kikifika joto la nyuzi 22 hivi za Selsiasi. Ghala la Uskoti, lenye kuta nene za mawe na sakafu ya udongo, hukaa chini ya hapo sehemu kubwa ya mwaka. Baridi yenyewe ni mlinzi ambaye halipwi mshahara. Kileo kinachozalishwa kwa molasi katika ukanda wetu wa miwa, kama kile cha Muhoroni, ni kikali kuliko hicho, na huanza kutoa mvuke wa kuwaka katika nyuzi 17 hivi. Sasa linganisha na Kisumu, ambako joto la mchana hukaribia nyuzi 30. Kwa Mskoti hatari hutokea siku ya joto. Kwetu hutokea kila siku saa sita mchana. Anayenunua mtambo wa kujazia kutoka nchi ya baridi na kuufunga hapa pamoja na desturi za huko, pasipo kuongeza kinga, amenunua nusu ya kitu.

Petroli sisi Wakenya tumeijua kwa machozi, Sachangwan mwezi wa Januari 2009 na Sinai mwezi wa Septemba 2011. Kwa hiyo watu hudhani kuwa wakiijua tabia ya petroli wameijua ya kileo. Si hivyo. Ndani ya pipa lililofungwa lenye petroli, mvuke huwa mwingi mno hata hauna hewa ya kuungulia; ni pale pipa linapokaribia kukauka ndipo mchanganyiko hufikia kiwango cha kulipuka, na hilo ndilo alilolikuta Whorf. Kileo hakingoji kukauka. Katika joto letu, mvuke ulio juu ya kileo ndani ya pipa huwa tayari katikati ya kile kiwango cha 3.3 hadi 19. Pipa lililojaa nusu, lililojaa robo, na lililobaki na kikombe kimoja tu chini, yote matatu yanaweza kulipuka.

Hebu tulifuate basi pipa hilo la chuma baada ya kumiminwa. Aghalabu halirudi lilikotoka. Huuzwa. Mmoja hulinunua la kuwekea maji, mwingine la kuchomea nyama, na mafundi wa jua kali hulikata na kulikunjua wakatengeneza majiko, masanduku na karai. Pale Kamukunji jijini Nairobi, mlio wa nyundo juu ya bati za mapipa ni sehemu ya mji. Fundi anayenunua pipa huuliza bei, hugonga ubavuni asikie kama bati ni nene, huchungulia tunduni. Akiona giza tu, husema ni tupu. Kisha hutafuta patasi au mtambo wa kuchomelea.

Jukumu la kwanza si la fundi huyu. Ni la kiwanda. Pipa lililobeba kileo halipaswi kutoka langoni kabla ya kusafishwa kwa maji mengi au kwa mvuke wa maji, na kukaguliwa kwa kipimo kuwa hewa iliyomo haiwaki. Hatua hiyo ni sehemu ya kumimina. Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi wake maelezo, maelekezo na mafunzo. Fundi wa mtaani si mfanyakazi wake, lakini pipa lilikuwa lake.

Na maelezo hayo yawe kwa lugha gani? Hapa ndipo kazi yangu inapokutana na ya mhandisi. Maandishi mengi yaliyo kwenye mapipa ni ya Kiingereza, tena Kiingereza chenye mtego. Neno inflammable humaanisha kitu kinachoshika moto upesi, lakini mwanzo wake unafanana na kiambishi cha kukanusha, hivi kwamba hata wazawa wa lugha hiyo walikuwa wakilielewa kinyume. Katika miaka ya 1920 wataalamu wa kuzuia moto wa Marekani walianza kuhimiza liachwe. Ikiwa Mmarekani alipotea, mwanafunzi wa shule ya msingi wa Ahero atafanyaje? Katiba ya mwaka wa 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Urasmi huo haujafika kwenye ubavu wa pipa.

Lakini si Kiswahili chochote tu. Tukitafsiri kwa kufuata kamusi tutaandika ‘mvuke’, na kikamusi tutakuwa sahihi. Hata hivyo, kwa mpishi na kwa fundi, mvuke ni ule unaofuka sufuriani, mweupe, wa moto, unaoonekana. Mvuke wa kileo hauonekani, tena waweza kuwa baridi. Akichungulia asiuone, ataamua kuwa haumo. Katika insha ya kemia nitatetea ‘mvuke’. Kwenye pipa naona ‘hewa inayolipuka’ itafanya kazi vizuri zaidi, kwa kuwa kila mtu anakubali kuwa hewa haionekani. Neno ‘tupu’ nalo liondolewe kabisa. Kanuni za Ulaya za kusafirisha bidhaa hatari kwa barabara haziliachi lisimame peke yake katika hati. Huandikwa kuwa chombo ni kitupu lakini hakijasafishwa, na alama za hatari hubaki ubavuni kama zilivyokuwa chombo kikiwa kimejaa. Sisi tunaweza kuandika kwa ufupi zaidi: ‘Halijasafishwa.’ Kitenzi hicho kimoja kinasema mambo mawili, kwamba kuna kazi iliyobaki na kwamba kuna mtu anayepaswa kuifanya.

Sentensi ziwe fupi, za kuamrisha, zisizo na ‘ni marufuku kwa mtu yeyote yule’. Kwa mfano: ‘Hatari. Pipa hili halijasafishwa. Ndani mna hewa inayolipuka. Usilikate. Usilichomelee. Usivute sigara karibu.’ Ni maneno yasiyozidi 20, na yaweza kupigwa kwa rangi na bati lililotobolewa herufi, kama wanavyoandika wachoraji wa matatu. Yapigwe mahali pawili. Ubavuni, ambako dereva na mpakiaji wataona. Na juu ya kifuniko, kando kabisa ya tundu, kwa sababu hapo ndipo fundi huinamia kuchungulia, na kifuniko ndicho anachokikata kwanza.